Jina kwenye Sahani: Jimmie Rodgers na Beti Zisizo na Mwenyewe

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kunasia sauti, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, magharibi ya Kenya. Huko aliwanasa wasichana wakiimba, wakifuatwa na kinubi cha kwao, wimbo uitwao Chemirocha. Maelezo aliyoyaandika Tracey yanasema kuwa huyo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swala, na kwamba wasichana wanamwita aje acheze, aruke kwa nguvu mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Msikilizaji asiyejua angedhani anaimbwa mzimu wa kale. Kumbe jina ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Mississippi, Marekani, aliyekwisha kufa miaka kumi na saba kabla, na ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hata nyanda zile. Ulimi wa Kikipsigis ulilitwaa jina la kigeni ukalifinyanga, likatoka na silabi ileile inayoanzia majina mengi ya wanawake wa Kikalenjin.

Tafsiri ni ya Tracey, naye alikuwa mgeni. Yamkini wasichana wale walimfanyia mzaha kidogo. Hata hivyo jina limo, linasikika, na wanaousimulia wimbo huu aghalabu huusimulia kama kichekesho. Mimi nauanzia kwa sababu nyingine. Rodgers huitwa Baba wa Muziki wa Kantri, na mwaka 1961, wakati jumba la heshima la muziki huo lilipoteua watu wake wa kwanza, walikuwa watatu tu, naye mmoja wao. Lakini tungo zilizompandisha, zile alizoziita Blue Yodel, kwa sehemu kubwa zimejengwa kwa beti ambazo hakuna ajuaye nani alizitunga. Mtu aliyejipatia jina kwa beti zisizo na jina, naye jina lake likaja kuchukuliwa na watu wasiomjua wakalifanya lao. Ukilishika jambo hili, maisha yake ya awali hayabaki kuwa hadithi ya maskini aliyetajirika.

Hadithi hiyo tumeizoea. Sisi tuliokulia kwenye Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert tunajua jinsi umaskini wa utotoni unavyoweza kusimuliwa kama mbegu ya utukufu, kana kwamba vyungu alivyovitembeza Siti vilikuwa tayari vinaimba. Shaaban Robert alikuwa na haki yake, maana alikuwa akimtetea mwanamke aliyedharauliwa. Wasimulizi wa Rodgers hawana udhuru huo. Wao, wakianzia na kitabu alichokiandika mjane wake, Carrie, mwaka 1935, hutupa yatima, reli, kifua kikuu na umaarufu, vikipangwa kama mabehewa. Aliyoyaishi kijana yule yalikuwa na mchanganyiko zaidi.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika vitongoji vya Meridian. Mama yake, Eliza, alifariki mtoto akiwa bado hajafikia umri wa kujua kusoma vyema. Baba, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa genge la wajenzi wa reli, mtu wa safari, na kwa hiyo mtoto alitupwa huku na huku kwa jamaa. Aliyemtuliza kidogo ni shangazi wa upande wa mama, Dora, aliyepata kuwa mwalimu. Kijana mwenyewe hakupenda shule wala kazi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alishinda shindano la waimbaji wachanga mjini, kichwa kikamvimba, akashona hema kwa mashuka ya nyumbani ili atembeze maonyesho yake. Hema hilo halikumtosha. Akanunua hema la kweli kwa daftari la baba yake bila ya kumwomba ruhusa, kisha akafuatana na mmoja wa wale wauzaji dawa waliokuwa wakikusanya watu kwa ngoma na vichekesho kabla ya kuwauzia chupa. Baba alimfuata, akamrudisha, akamwekea mambo mawili mbele yake: shule au reli. Akachagua reli. Napenda kumbukumbu hii ya hema, kwa sababu inatuonyesha kuwa tangu mwanzo Rodgers alikuwa mtu wa kuchukua kwanza na kulipa baadaye, na mara nyingine kulipiwa na mwengine.

Kazi aliyopewa ni kuwachotea maji wafanyakazi wa genge. Wengi wao walikuwa watu weusi, na kazi yao ilikuwa kunyoosha reli zilizopinda kwa mitaimbo: watu kumi au zaidi wakiingiza vyuma chini ya reli moja, wakisukuma kwa pamoja. Kusukuma kwa pamoja hakuwezekani bila ya wimbo. Kulikuwa na mmoja aliyeongoza kwa sauti, akitupa mshororo, na wenzake wakauitikia kwa kishindo cha chuma. Mwongozaji hodari alijua mamia ya mishororo. Mingine ya dini, mingine ya matusi, mingine ya mwanamke aliyeondoka na treni ya asubuhi. Hakuitunga yote. Aliirithi, akaikata, akaiunga, akaitupia siku iliyohitaji. Aliyewahi kuwasikia wavuvi wetu wakivuta jarife ataelewa nisemalo. Mtoto wa msimamizi, na ndoo yake, alisimama katikati ya sauti hizo siku nzima, na inasimuliwa kuwa ni watu hao waliomwonyesha pia namna ya kushika banjo na gitaa wakati wa mapumziko.

Nasema mtoto wa msimamizi, na si mtoto wa genge. Hiyo ndiyo Mississippi ya sheria za ubaguzi: kijana mzungu aliweza kuingia katika duara la weusi, akasikiliza, akatoka akenda zake, wao hawakuweza kuingia kwake vivyo hivyo. Majina yao hayakuandikwa popote palipotufikia.

Sasa tuitazame beti yenyewe, maana wasomaji wa ukurasa huu hawatanisamehe nikiipita. Ubeti wa bluzi, ambao ndio mfupa wa Blue Yodel, una mishororo mitatu. Wa kwanza hutaja jambo. Wa pili huurudia wa kwanza, neno kwa neno au karibu yake. Wa tatu huufunga kwa kina kinacholingana na hao wawili. Anayetazama kwa haraka atasema ni tathlitha, lakini tathlitha yetu haina anasa ya kurudia. Kila mshororo una mzigo wake, na mtunzi anayerudia neno huulizwa. Katika bluzi takriri ni kazi. Mwimbaji anaporudia mshororo wa kwanza anajinunulia muda wa kuutafuta wa tatu ghalani mwake, na msikilizaji naye, akishalisikia jambo mara mbili, hukaa mkao wa kungoja lifungwe vipi. Ndiyo maana mshororo wa tatu mara nyingi una kejeli, au kitisho, au kicheko. Ngoja yote imeelekezwa kwake. Na kwa kuwa kila ubeti umejitosheleza, beti huweza kuhama kutoka wimbo hadi wimbo bila ya mtu kudai ameibiwa.

Rodgers alifanya nini juu ya umbo hili? Aliutia mwisho wa kila ubeti ile sauti ya yodeli, yaani sauti inayovunjika kutoka kifuani na kurukia kichwani, ikarudi, ikaruka tena, bila ya neno lolote. Hakuivumbua. Yodeli ni ya wachungaji wa milima ya Alps, na Marekani ilikwisha kuzoeleka katika majukwaa ya vichekesho. Riley Puckett aliirekodi mwaka 1924, na Emmett Miller, mzungu aliyejipaka masizi usoni, aliivunja sauti kwa namna inayofanana mno na ya Rodgers. Jipya la Rodgers ni mahali alipoiweka. Kwake yodeli ni kibwagizo. Ubeti ukishafungwa, ukishatoa kitisho au kejeli yake, ndipo sauti huvunjika, na lile lililosemwa kwa ujeuri linasikika sasa kama maumivu, au kama dhihaka ya maumivu; huwezi kuamua. Kibwagizo chetu cha maneno husisitiza maana. Chake kinaitilia shaka. Huu ndio uamuzi wa mtunzi, na hapa namkubalia haki ya jina lake.

Reli iliendelea kumpa na kumnyima mkate. Alikuwa mshika breki wa treni, akapunguzwa kazini, akaajiriwa tena, akaoa mwaka 1917 ndoa isiyodumu, akamwoa Carrie Williamson mwaka 1920. Mtoto wao wa pili alifariki akiwa mchanga mwishoni mwa 1923. Mwaka 1924 waganga wakamwambia ana kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa. Wapo waandishi wanaopenda kusema ugonjwa ndio uliomfundisha kuimba. Siamini. Ulichofanya ugonjwa ni kumfungia mlango wa kazi nzito, basi akarudi kwenye lile hema la utotoni, ambalo kwa kweli hakuwahi kulitoka moyoni.

Mwanzoni mwa 1927 alikuwa Asheville, North Carolina, akiimba katika redio ya mji, kisha akajiunga na vijana wa bendi ya Tenneva Ramblers. Wakasikia kuwa Ralph Peer, mwakilishi wa kampuni ya Victor, amefungua studio ya muda mjini Bristol, mji ambao mpaka wa Tennessee na Virginia umepita katikati ya barabara yake kuu. Peer alikuwa ametundika mablanketi katika ghala la zamani la kofia na alikuwa akiwasikiliza watu wa milimani. Familia ya Carter ilirekodi kwake mwanzoni mwa Agosti. Usiku wa kuamkia zamu yao, Rodgers na wenzake waligombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya jina: sahani iandikwe jina la nani? Wakaachana. Tarehe 4 Agosti 1927 Rodgers aliingia peke yake na gitaa, akaimba nyimbo mbili, akapokea dola 100.

Sijui kisa kingine katika muziki ule kilichozaa sana kama ugomvi huo. Laiti wangepatana, tungepata bendi moja zaidi ya vinanda na zeze, na sauti ya Rodgers ingezama humo. Jina lilimtenga, na kutengwa kukamwonyesha Peer kitu ambacho hata mwenyewe Rodgers pengine hakukijua.

Peer ni mtu wa kumtazama vizuri. Alikuwa mfanyakazi wa Okeh wakati kampuni ile iliporekodi Mamie Smith mwaka 1920 na kugundua kuwa watu weusi hununua sahani zao. Tangu hapo makampuni yaligawa orodha zao, nyimbo za weusi huku na za wazungu wa mashamba kule, ingawa waimbaji wenyewe walikuwa wamekunywa kisima kimoja. Alipokuja Victor hakutaka mshahara mnono. Alitaka hakimiliki ya tungo. Kwa hiyo aliwataka waimbaji wamletee nyimbo ambazo zinaweza kuandikishwa kuwa mpya. Wimbo wa jadi haukumfaa, maana hauna mtu wa kumwekea saini. Fikiri basi sheria hii ilipomkuta mtu aliyejaa kifuani beti za genge. Sheria ilitaka mtunzi. Beti hazikuwa naye. Mwimbaji yupo, kalamu ipo. Tarehe 30 Novemba 1927, Camden, New Jersey, Rodgers alirekodi Blue Yodel ya kwanza, na sahani ikatoka na jina lake kama mtunzi. Iliuzwa kwa malaki, na katika miezi michache mchota maji wa Meridian akawa anajulikana katika nchi nzima.

Je, huu ni wizi? Vijana wengi wa siku hizi hujibu ndiyo, bila ya kusita, na wazee wapenda kantri hujibu siyo, bila ya kusita vilevile. Mimi naona wote wawili wanaliuliza jambo moja tu, la mtu mmoja, wakati jambo lenyewe lilikuwa katika karatasi. Mwongozaji wa genge alizichukua beti zilezile bila ya kumwomba yeyote, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu aliyechukua kwake naye hakuzuiwa. Palipoingia hakimiliki, mlango wa kuingilia ulibaki wazi na wa kutokea ukafungwa. Hilo halimfanyi Rodgers kuwa hana hatia. Alijua alikozipata beti zile, na fedha zilipokuja, na gari kubwa, na nyumba aliyoijenga Kerrville, Texas, mwaka 1929, hakuna sehemu iliyorudi njia ya reli.

Yapo pia ya nyumbani kwake. Shemeji yake, Elsie McWilliams, mwanamuziki wa Meridian, alishirikiana naye katika nyimbo zaidi ya thelathini, na katika baadhi alikataa jina lake lisiandikwe kabisa. Na tarehe 16 Julai 1930, mjini Hollywood, Rodgers aliimba Blue Yodel ya tisa huku tarumbeta ikipigwa na Louis Armstrong na piano na mkewe, Lil Hardin Armstrong. Jina la Armstrong, ambalo leo ni kubwa kuliko la Rodgers mara nyingi, halikuwekwa kwenye sahani. Isikilizeni sahani hiyo. Rodgers hakuwa mtu wa mizani. Aliurefusha mshororo alipopenda, akaukata alipochoka, na wapigaji waliomfuata walikuwa wakilalamika kuwa humjui anaingia lini. Armstrong hasumbuki. Anamngoja, anamjibu, anamziba pengo, kama mpiga fidla mzoefu anavyomlea mwimbaji wa taarabu aliyepotea kidogo. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1970, Armstrong aliipiga tena mbele ya watazamaji wa televisheni pamoja na Johnny Cash, na safari ile kila mtu aliona ni nani anayepiga.

Wala haki haikukosa kabisa kurudi. Howlin' Wolf, mwimbaji mweusi wa bluzi kutoka Mississippi hiyohiyo, alieleza kuwa alitaka kuiga yodeli ya Rodgers, ikamshinda, ikageuka kuwa mlio wa mbwamwitu ambao ndio alama yake. Kwa hivyo sauti ilivuka mstari kwa njia zote mbili. Ni malipo tu yaliyovuka kwa moja.

Nisije nikasingiziwa kuwa namsifu mno: katika nyimbo zake zipatazo 110, nusu sitazijali nikizikosa. Nyimbo za mama mkongwe mlangoni na za kijijini kwetu kwema zimelowa machozi ya kununua dukani, na yodeli ndani yake ni urembo tu. Blue Yodel nazo zina bunduki nyingi kuliko busara, na mwanamke humo ni wa kutishwa. Lakini mwaka 1931 alirekodi T.B. Blues, wimbo wa maradhi yake mwenyewe, kwa umbo lilelile la mishororo mitatu, na hapo ndipo kila kitu kinakaa pahala pake. Hajilizi. Anayasema mauti kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya treni. Muungano wa jambo zito na sauti nyepesi, alioujifunza kwa watu waliosukuma reli huku wakitaniana, haujapata kumfaa kama hapo. Beti za watu wengi zimepata mwili mmoja wa kuzikalia, na mwili wenyewe unakwisha.

Nikirudi Kapkatet, naona wasichana wale walimfanyia Rodgers jambo lilelile alilowafanyia watu wa genge. Walichukua kilichowafikia kwa hewa, hawakumwomba, wakakitia katika kinubi chao. Tofauti ni kwamba wao walilibakiza jina, ingawa limegeuka. Pwani yetu iliujua mlango huo mapema: Siti binti Saad na wenziwe walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani zao zilitoka na picha ya yule mbwa aliyeinamia santuri, mbwa yuleyule aliyekuwa kwenye sahani za Victor za Rodgers mwaka huohuo. Katika miaka ya 2010 hazina ya muziki aliyoiacha Tracey, ikishirikiana na watu wa Kenya, ilizirudisha sauti za Kapkatet kwa wenyewe, na wazee waliokuwa bado hai wakajisikia tena wakiimba.

Mei 1933 Rodgers alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho. Hakuwa na pumzi ya kumaliza nyimbo mbili bila ya kulala, na studio ilimwekea kitanda kando. Siku za mwanzo alipiga peke yake, kisha akapiga na wenzake. Tarehe 24 wimbo wa mwisho, Years Ago, aliuimba peke yake na gitaa lake, kama Bristol. Akafa usiku wa kuamkia tarehe 26 katika chumba cha hoteli, umri wake miaka thelathini na mitano. Maiti ilirudishwa Meridian kwa treni, na wanasimulia kuwa dereva alipokaribia mji alipiga honi ya chini, ndefu, bila ya kuiachia, mpaka kituoni.